Kikohozi cha mchakamchaka: jinsi tiba ya pumu inavyomrejesha mtoto uwanjani

Rulenge, Ngara

Katika shule za Rulenge, kama ilivyo katika shule nyingi nchini, siku huanza kwa mchakamchaka. Jua la kiangazi likiwa bado halijapata nguvu na baridi ya nyanda za juu za Ngara ikiwa haijaondoka, wanafunzi hukimbia kwa mstari huku wakiimba, na vumbi jekundu likiinuka nyuma yao. Si ajabu katika mstari huo kuwapo mtoto mmoja au wawili wasiofika mwisho wa wimbo. Huanza kukohoa, hushika kifua, hubaki nyuma. Wapo pia wasiokohoa kabisa wakati wa kukimbia, ila kikohozi huwajia baada ya kusimama, wakati wenzao wameshaketi darasani.

Mtoto wa namna hiyo hushughulikiwa kwa njia mojawapo kati ya mbili. Huitwa mvivu na kusukumwa akimbie zaidi, au hupewa ruhusa ya kudumu ya kukaa chini ya mti wenzake wakicheza. Njia ya kwanza ni ya hatari. Ya pili hutoka katika nia njema, lakini nayo humnyima mtoto michezo bila sababu ya kutosha. Kikohozi kinachoambatana na mazoezi, hasa kwa mtoto anayekohoa pia usiku au ambaye kifua chake hulia kama filimbi, mara nyingi ni dalili ya pumu ambayo haijadhibitiwa, na kwa wagonjwa walio wengi pumu hudhibitika.

Pumu ni ugonjwa sugu wa njia ya hewa unaowapata watoto na watu wazima. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2019 ugonjwa huu uliwapata watu wapatao milioni 262 duniani na kusababisha vifo 455,000. Sehemu kubwa ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako ugonjwa hauchunguzwi mapema au dawa sahihi haimfikii mgonjwa. Nchini Tanzania, magonjwa sugu ya njia ya hewa yamejumuishwa katika Mpango wa Taifa wa Kuzuia na Kudhibiti Magonjwa Yasiyoambukiza uliozinduliwa mwaka 2019, sambamba na kisukari, shinikizo la juu la damu na saratani.

Kwa nini mbio huleta kikohozi

Mtu mzima aliyetulia huvuta takriban lita 6 za hewa kwa dakika, na karibu yote hupita puani. Pua huipasha hewa joto, huitia unyevu na kuichuja vumbi kabla haijafika mapafuni. Anapokimbia kwa nguvu, kiasi hicho huweza kufikia lita 100 kwa dakika. Pua haiwezi tena kukidhi mahitaji, hivyo mdomo hufunguka na hewa huingia moja kwa moja ikiwa baridi, kavu na yenye vumbi. Anayekimbia huku akiimba hana hata nafasi ya kujaribu kupumua kwa pua.

Hewa kavu inapopita kwa wingi, hufyonza maji yaliyo juu ya ngozi laini ya mirija ya hewa. Majimaji yanayobaki huwa na chumvi nyingi zaidi, na hali hiyo huzichochea seli za kinga zilizomo katika mirija zitoe kemikali, mojawapo ikiwa ni histamini. Kwa mtu asiye na pumu jambo hilo hupita bila kuonekana. Kwa mwenye pumu, mirija yake tayari ina uvimbe wa ndani kwa ndani, hata siku anayojisikia mzima kabisa. Kemikali hizo huikaza misuli inayoizunguka mirija, huongeza ute na kuiamsha mishipa ya fahamu inayosababisha kikohozi. Njia ya hewa hubana, na mtoto hukohoa au hupumua kwa shida.

Mbano huo kwa kawaida hufikia kilele kati ya dakika 5 na 15 baada ya mazoezi kusimama, kisha hupungua taratibu ndani ya dakika 30 hadi 90. Ndiyo maana mwalimu wa zamu anaweza kumwona mtoto akikimbia vizuri, na mwalimu wa kipindi cha kwanza akamwona huyohuyo akikohoa mfululizo. Ni vema wawili hao wakazungumza.

Mazingira ya Rulenge yana mchango wake. Miezi ya Juni hadi Agosti ni ya ukavu, asubuhi zake ni za baridi, na vumbi la barabara za udongo hukaa hewani kwa muda mrefu. Michezo ya shule za msingi (UMITASHUMTA) na ya sekondari (UMISSETA) nayo hufanyika katikati ya mwaka, kwa hiyo mazoezi makali huwaangukia wanafunzi katika kipindi ambacho hewa haiwasaidii. Moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha huikuta mirija ya mtoto kabla hata hajatoka nyumbani. Msimu wa mvua una adha yake, yaani mafua, ambayo ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya pumu kuamka.

Dawa mbili, kazi mbili

Malalamiko ya kwamba dawa ya pumu haisaidii chochote mara nyingi hutokana na kuzichanganya dawa mbili zenye kazi tofauti.

Dawa ya kwanza hufungua njia ya hewa. Inayojulikana zaidi ni salbutamol, iliyoanza kutumika mwaka 1969, na kopo lake mara nyingi huwa la rangi ya bluu. Huilegeza misuli iliyokaza, na mgonjwa hupata nafuu ndani ya dakika chache. Ikivutwa dakika 10 hadi 15 kabla ya mazoezi, huweza kuzuia mbano kwa saa mbili hadi nne, muda unaotosha mchezo wa mpira. Hata hivyo, salbutamol haigusi uvimbe ulio ndani ya mirija. Mgonjwa anayeitumia kila siku peke yake hupata nafuu ya muda huku ugonjwa ukiendelea, na kadiri anavyoizoea ndivyo uwezo wake wa kumkinga wakati wa mazoezi unavyopungua.

Dawa ya pili hutibu uvimbe wenyewe. Hii ni steroidi ya kuvuta, kama vile beclometasone, iliyoanza kutumika mwaka 1972, au budesonide. Haimpi mgonjwa nafuu ya papo hapo, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Mtoto huvuta siku tatu, hukohoa tena kwenye mchakamchaka, na kopo huwekwa kabatini. Kazi ya dawa hii huonekana baada ya wiki kadhaa za matumizi ya kila siku, asubuhi na jioni, mtoto akohoe au asikohoe. Uvimbe unapopungua, mirija haishtuki tena kwa urahisi inapopitiwa na hewa kavu. Kikohozi cha usiku hupungua, mtoto hukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kukohoa, na wengine huacha kabisa kukohoa wakati wa mazoezi. Dawa ikikatizwa kwa sababu mtoto amepona machoni pa watu, uvimbe hurejea na kikohozi hurejea nao.

Tangu mwaka 2019, mwongozo wa kimataifa wa pumu unaotolewa na taasisi ya GINA haupendekezi tena kijana au mtu mzima mwenye pumu atibiwe kwa salbutamol peke yake. Unashauri kila mgonjwa wa rika hilo apate steroidi ya kuvuta kwa namna moja au nyingine. Mojawapo ya njia hizo ni kopo moja lenye budesonide pamoja na formoterol, ambayo hufungua njia ya hewa na kutuliza uvimbe kwa mvuto mmoja, na ambayo daktari anaweza kuelekeza itumike pia kabla ya mazoezi. Mchanganyiko huo umo katika Orodha ya Dawa Muhimu ya WHO.

Kipimo cha kujipima nyumbani ni rahisi. Mgonjwa anayehitaji dawa ya kufungua njia ya hewa zaidi ya mara mbili kwa wiki, anayeamka usiku kwa kukohoa, au anayeacha michezo kwa sababu ya kifua, pumu yake haijadhibitiwa na anapaswa kurudi kituoni. Makopo matatu au zaidi ya salbutamol kwa mwaka ni ishara ya hatari, hata kama kila kopo lilileta nafuu.

Vidonge na hofu ya kuvuta

Kaya nyingi hutegemea vidonge vya salbutamol au aminophylline, kwa kuwa vinapatikana kwa urahisi na vimezoeleka. Hesabu ndogo inatosha kuonyesha tofauti. Kidonge cha salbutamol cha miligramu 4 kina maikrogramu 4,000 za dawa. Mpulizo mmoja wa dawa hiyohiyo una maikrogramu 100. Kidonge kina dawa mara 40 zaidi, lakini hupita tumboni na kuzunguka mwili mzima, hivyo mikono hutetemeka, moyo hwenda mbio, na nafuu huchelewa. Mpulizo hufika mapafuni moja kwa moja.

Hesabu hiyo hujibu pia hofu ya neno steroidi. Kidonge kimoja cha prednisolone cha miligramu 5 kina maikrogramu 5,000, ilhali mpulizo wa beclometasone huwa na maikrogramu 50 au 100. Madhara ya kawaida ya steroidi ya kuvuta ni sauti kukwaruza na fangasi mdomoni, na yote mawili hupungua sana mgonjwa akisukutua mdomo kwa maji na kuyatema baada ya kuvuta. Kwa watoto wanaotumia dozi kubwa kwa muda mrefu, mhudumu wa afya hufuatilia urefu wao.

Wapo wazazi wanaoamini kwamba dawa ya kuvuta ni ya mgonjwa aliyefikia hatua ya mwisho, au kwamba akishaianza atakuwa mtumwa wake. Imani hiyo haina msingi. Dawa ya kuvuta ndiyo hatua ya kwanza ya tiba, na anayeianza mapema ndiye anayeepuka kulazwa.

Dawa inapovutwa vibaya

Kopo la dawa sahihi halina faida ikiwa dawa inaishia mdomoni. Namna ya kuvuta ni kutikisa kopo, kutoa pumzi nje, kufunga midomo vizuri, kubonyeza mara moja wakati wa kuanza kuvuta, kuvuta taratibu na kwa kina, kisha kuzuia pumzi kwa takriban sekunde 10. Watoto wengi, na watu wazima pia, hawawezi kulinganisha kubonyeza na kuvuta. Kwa hao hutumika chupa maalumu inayowekwa kati ya kopo na mdomo. Dawa hukaa ndani ya chupa na mtoto huivuta kwa pumzi zake za kawaida.

Pale ambapo chupa ya kiwandani haipatikani, Afrika ina jibu lake. Mwaka 1999 watafiti wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha katika jarida la The Lancet matokeo ya uchunguzi kwa watoto waliopatwa na shambulio la pumu. Chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitakoni kwa ukubwa wa mdomo wa kopo la dawa, na pembeni ya tundu kuzibwa ili hewa isivuje, ilifanya kazi sawa na ya kiwandani. Kikombe cha plastiki laini hakikufua dafu. Chupa za namna hiyo zimejaa katika maduka ya Rulenge na Biharamulo, na mhudumu wa afya anaweza kumwelekeza mzazi jinsi ya kuitengeneza. Huoshwa kwa maji ya sabuni na kuachwa ikauke yenyewe bila kufutwa kwa kitambaa.

Si kila kikohozi ni pumu

Jambo hili lina uzito wa pekee. Kikohozi kilichodumu wiki mbili au zaidi, hasa kikiambatana na homa, kutokwa jasho usiku, kupungua uzito au makohozi yenye damu, kinahitaji kupimwa kifua kikuu kabla ya kukisia kitu kingine. Huduma za uchunguzi na matibabu ya kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Mtoto aliyeanza kukohoa ghafla alipokuwa akila karanga au akichezea kitu kidogo huenda amepaliwa na kitu hicho kikaingia katika njia ya hewa. Kwa watu wazima, baadhi ya dawa za shinikizo la damu, kama captopril na enalapril, huweza kuleta kikohozi kikavu; nyingine, kama propranolol, huweza kuibana njia ya hewa ya mwenye pumu. Anayetumia dawa hizo amweleze mhudumu badala ya kuziacha mwenyewe.

Pumu inayochochewa na mazoezi huweza kupimwa bila mashine kubwa. Mtoto hupuliza katika kipima pumzi, hukimbia dakika chache akiwa chini ya uangalizi, kisha hupuliza tena mara kadhaa baada ya kusimama. Kipimo kikishuka kwa zaidi ya asilimia 15, mbano umethibitika. Wakazi wa Ngara wana Hospitali ya Rulenge, ya Murgwanza na ya Nyamiaga kwa uchunguzi wa awali, na wagonjwa wenye hali ngumu zaidi hupewa rufaa kwenda Bukoba au Bugando, Mwanza.

Mwenye pumu na mashindano

Anayedhani kwamba pumu na riadha haviketi pamoja amtazame Haile Gebrselassie wa Ethiopia, bingwa wa Olimpiki wa mita 10,000 mwaka 1996 na mwaka 2000. Mwaka 2008 alijiondoa katika marathoni ya Olimpiki ya Beijing akihofia hewa chafu ya jiji hilo kutokana na pumu yake, akakimbia mita 10,000 na kumaliza wa sita. Mwezi uliofuata, huko Berlin, aliweka rekodi ya dunia ya marathoni ya saa 2:03:59. Paula Radcliffe wa Uingereza, ambaye naye ana pumu, alishikilia rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake kuanzia mwaka 2002 hadi Brigid Kosgei wa Kenya alipoivunja mwaka 2019. Uamuzi wa Gebrselassie una funzo kwa walimu wa michezo: hakuacha kukimbia, aliiacha hewa mbaya. Siku yenye vumbi jingi au baridi kali, mtoto mwenye pumu anaweza kuhamishiwa zoezi jingine bila kutolewa kikosini.

Kupasha mwili moto nako ni kinga. Dakika 10 hadi 15 za mazoezi mepesi zikichanganywa na mbio fupi fupi huifanya mirija ya baadhi ya wagonjwa itulie kwa saa moja au mbili zinazofuata. Mchakamchaka, kwa bahati mbaya, huanza mara moja na kwa kasi moja. Mwalimu akiuanza kwa mwendo wa polepole na kuongeza kasi hatua kwa hatua, hatapoteza chochote.

Mtoto akianza kukohoa na kubanwa, asimamishwe, aketi wima, asilazwe. Apewe mipulizo minne ya salbutamol kwa chupa, mmoja baada ya mwingine, akivuta pumzi nne kwa kila mpulizo, kisha isubiriwe dakika nne. Asipopata nafuu hurudiwa huku safari ya kituo cha afya ikianza. Asiyeweza kumaliza sentensi moja, ambaye midomo yake imebadilika rangi, mbavu zinazama ndani anapovuta hewa, au anaonekana kusinzia, apelekwe hospitali mara moja na kuendelea kupewa dawa njiani.

Kwa sababu hiyo, kopo la bluu haliwezi kuwa katika droo iliyofungwa ya mwalimu mkuu wakati mtoto yuko uwanjani. Linapaswa kuwa mfukoni mwake au kwa mwalimu wa zamu, likiwa na jina na maelezo ya daktari. Kopo la kinga hubaki nyumbani karibu na mswaki, kwa kuwa huvutwa kabla ya kusukutua. Makopo mengi yana mipulizo 200. Mtoto anayevuta miwili asubuhi na miwili jioni humaliza kopo siku ya 50, ingawa likitikiswa litasikika kana kwamba bado lina kitu. Mzazi huhesabu siku hizo siku anapolifungua, na kuandika kwa kalamu ubavuni mwa kopo tarehe ya kurudi kuchukua jingine.